Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata: uzoefu wangu kwenye theluji

Anza na lebo. Huu wangu umeandikwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa namba kubwa, halafu pembeni, kwa maandishi ya kusoma kwa miwani, nyuzi 13 chini ya sifuri. Hiyo ndogo ndiyo ya kununulia. Kipimo cha ISO 23537, kiwango cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, hutenganisha baridi ambayo mwanamke wa kawaida hulala ndani yake bila taabu na ile ambayo mwanamume wa kawaida huivumilia akiwa amejikunja. Tangazo, bila shaka, hupenda ya pili.

Kwa joto, sina malalamiko. Kola ya shingoni inaziba vizuri, na miguuni pana nafasi ya kutosha kuweka chupa ya maji ya moto, soksi za ndani za buti na betri za taa zisiishiwe nguvu usiku. Lakini usiutegemee peke yake. Manyoya uliyoyalalia hubonyea, na yakibonyea hayana hewa ya kutunza joto, kwa hiyo mgongo unalindwa na kilicho chini yako. Mimi hutandika mkeka wa povu wenye R (kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipotee) ya 2, juu yake godoro la kupuliza lenye R ya 4; R hujumlishwa, na juu ya theluji sitaki chini ya 5. Anayebana matumizi abane kwingine, si hapa.

Adui wa mfuko huu ni unyevu. Jasho lako hupenya kitambaa usiku, likaganda kwenye manyoya, na kila kukicha mfuko umesinyaa kidogo. Usipumulie ndani hata pua ikiuma; vaa kitu usoni. Jua likitoka, ugeuze nje ndani uutandaze juu ya hema. Safari ikiwa ndefu na hewa ni ya majimaji, afadhali wa nyuzi za viwandani, mzito lakini hauzimiki ukilowa.

Zipu ndiyo inayoniudhi. Inauma kitambaa, na kuinasua gizani ukiwa na glavu ni kazi ya matusi. Nimeifunga kamba fupi kwenye kivutio, imesaidia kiasi.

Nyumbani hukaa umetundikwa, haushindiliwi kwenye kifuko chake. Nyota nne, ya tano imeliwa na zipu.