Kozi fupi ya pampu za mkono, karakana ya misheni, Dodoma

Mwalimu ni profesa mstaafu wa uhandisi aliyetoka Marekani akaja kuwa mmisionari, na usomi wake unaonekana kwenye mpangilio wa kazi, si kwenye maneno makubwa. Mafundi wa vijiji vya Bahi na Chamwino wanafungua Afridev, aina ya pampu ya mkono ya kisima, kwa mikono yao siku ya kwanza. Spana moja ya namba 19 inatosha, na vyuma vya ndani vinaunganishwa kwa ndoano bila kifaa chochote.

Somo bora kabisa ni la raba ya pistoni. Ina midomo, na midomo hiyo lazima itazame juu ili uzito wa maji uipanue ibane ukuta wa silinda. Ikigeuzwa, mkono unakwenda mwepesi, maji hayapandi, na watu wanasema kisima kimekauka! Maji yakitoka baada ya kupiga mara nyingi tu, shuku vali ya chini au oringi yake, yaani pete ya raba inayoiziba: pampu ikipumzika, maji yanarudi kisimani. Kila kamati ya maji ingesikia haya.

Mabomba ya PVC yanapitiwa haraka mno. Kusafisha, kukwaruza kwa msasa, kupaka gundi, kusubiri ikauke: kila hatua ilistahili muda wake, maana kiungo kikiachia, mabomba yaliyo chini yake yanaangukia kisimani. Msaidizi anayefafanua kwa Kigogo ni hazina. Vipuri haviuzwi pale, kwa hiyo nenda na seti yako ya raba na bushi.