Nimebadilisha milango miwili ya nje hapa Moshi: nilicholipa na ninachojutia

Nyumba yetu iko Rau. Aliijenga baba mkwe miaka ya 80, na milango ilikuwa ile ile ya siku hizo. Wa mbele mchwa walishaimaliza fremu upande mmoja, ukisukuma kwa bega unaingia bila funguo. Wa jikoni uliozea chini, maji ya mvua yanarukia pale kila masika. Novemba mwaka jana nikasema basi, sivuki tena mwaka na hii milango.

Kosa la kwanza ni huo mwezi wenyewe. Anayeishi huku anajua Desemba ya Kilimanjaro: watu wa Dar wanapanda kuja kwao, na kila mji unataka kupendeza kabla ya Krismasi. Seremala niliyemfuata alinijibu kistaarabu tu, "Mama, nikikuahidi kabla ya sikukuu nitakuwa nakudanganya. Nipe mpaka Januari." Nikampa kazi ya mlango wa mbele, ila wa jikoni nikaona siwezi kusubiri, wageni wanakuja. Nikanunua uliokwisha tengenezwa, ule unaoegeshwa barabarani umepakwa vanishi ya kahawia iliyokolea. Muuzaji akasema mninga, 190,000. Nikafurahia bei.

Fundi alipokuja kuufunga, haukuingia. Milango ya dukani mingi ni sentimita 90 kwa 210, na uwazi wa nyumba yangu ya zamani ni 84. Ikabidi akate sentimita tatu kila upande, na msumeno ulipopita tukaona ndani: mbao nyeupe pee! Nikampigia muuzaji. "Huo ni weupe wa mninga, mama, kila mti unao." Kweli mninga una weupe wake karibu na gome, na ndio sehemu inayoliwa na dumuzi; kiini chake ni cha kahawia. Lakini mlango mzima weupe? Hapo nilijua nimenunua vanishi.

Wa mbele ulikuja mwisho wa Januari. Nilikwenda mara mbili kuziona mbao kabla hazijapigwa randa, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo hata fundi akinuna kidogo. Mbao mbichi ni nzito kuliko inavyoonekana, ukiweka kiganja inahisi ubaridi. Mbao zangu alikuwa amezipanga bandani na vijiti katikati ili hewa ipite. Hicho ndicho kilichonifanya nitoe malipo ya awali.

Hesabu ya mlango wa mbele ilikwenda hivi. Mlango wa mninga wa panel, 380,000. Fremu ya inchi sita kwa mbili, 150,000. Kitasa cha silinda 65,000 na bawaba tatu 18,000 (usikubali mbili, mlango wa mninga una uzito wake). Kuvunja fremu ya zamani, kusimamisha mpya na kurudishia lipu, 60,000. Saruji mfuko mmoja 17,000, mchanga 10,000. Sila, vanishi, tina na msasa, 40,000. Kirikuu cha kuleta 20,000. Halafu grili la zamani halikukaa sawa na fremu mpya, mchomeleaji akachukua 25,000 kusogeza bawaba zake. Jumla 785,000.

Yaani mlango wenyewe haukufika hata nusu. Ukimuuliza mtu "mlango shilingi ngapi" anakutajia ile 380,000, na mfukoni unaweka hiyo hiyo. Mimi nilikopa kwenye kikoba katikati ya kazi, ukuta umebomolewa, usiku tumeegesha kabati mlangoni.

Mlango wa chuma wa Kichina niliufikiria pia. Mjini walinitajia kuanzia 550,000 pamoja na fremu na kitasa chake, na kwa nyumba mpya ambayo bado unapanga uwazi si bei mbaya. Ila huo huwezi kuukata, maana yake nivunje ukuta kuongeza upana. Halafu ule wa bei ya chini ugonge: bati jembamba, na mingi ndani ina karatasi ngumu iliyokunjwa kama sega la nyuki. Jirani anao, kitasa kilipokufa alizunguka mji mzima akitafuta kinachoingia kwenye tundu lile.

Masika ndiyo ilitoa matokeo. Wa mbele ulikaza kidogo mwezi wa nne, ukaachia wenyewe Juni, sijaugusa. Wa jikoni ulivimba mpaka tukawa tunapitia mbele na ndoo za maji. Fundi akaupiga randa, ukafunga vizuri wiki chache, kisha jua lilipokuja ukasinyaa na kupasuka katikati. Sasa kidole kinapita kati ya mlango na fremu. Nisimwonee sana muuzaji: upande wa jikoni hauna kibaraza, mvua inaupiga moja kwa moja, hata mninga pale ungepata taabu. Mama mkwe alishasema zamani tuongeze bati mbili juu ya ule mlango. Tulimwona ana maneno mengi.

Bati nimenunua wiki iliyopita. Mlango wa jikoni nimeshaagiza kwa seremala yule yule, safari hii nimekwenda Agosti, na ameniambia wiki tatu. Huu wa 190,000 nitaukatakata uwe wa banda la kuku.