Medit i700: skana ya kinywa inayopumzisha trei, ila si kila mara

Aliyewahi kuchukuliwa kipimo cha meno kwa trei anaijua adha yake. Alijineti, ule uji mzito unaoganda ndani ya trei, inasukumwa hadi nyuma ya magego, kisha mgonjwa anakaa dakika mbili tatu akipumua kwa pua, mate yakimchuruzika kidevuni na koo likitaka kurudisha kila kitu. Shida haiishii kitini: kipimo kisipomiminiwa plasta mapema, alijineti hukauka na kusinyaa, na kofia ya jino, yaani kifuniko bandia kinachovikwa juu ya jino, ikija haikai.

Medit i700, iliyotoka 2021, inaondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo. Ina uzito wa gramu 245, inaunganishwa na kompyuta kwa waya na kupiga hadi fremu 70 kwa sekunde, ambazo programu inazishona hapo hapo kuwa umbo la meno lenye rangi. Hakuna mionzi ya eksirei, ni mwanga tu. Uzuri wake mkubwa uko hapa: mgonjwa akishikwa na kichefuchefu, unaitoa, anameza mate, anapumua, kisha unaendelea pale ulipoishia. Trei ukiitoa kabla haijaganda, umeanza upya.

Kausha meno kwa hewa, vuta shavu kwa kioo, anza juu ya gego la mwisho na upite sehemu za kutafunia hadi upande wa pili. Rudi kwa upande wa ulimi, malizia upande wa shavu. Ukifika meno ya mbele ya chini punguza mwendo na utembeze kichwa cha skana kama nyoka, kwa sababu programu hushona kwa kulinganisha maumbo, na meno yale ni madogo tena yanafanana; ukipita mbio inapoteza njia. Ulimi ukiingia kwenye picha, futa sehemu hiyo ya picha kabla hujasonga mbele.

Wengi hukosea kwenye ufizi. Skana haioni kilichofunikwa. Mpaka wa jino lililochongwa ili livikwe kofia ukiwa chini ya ufizi, weka uzi wa kusukumia ufizi, uupe dakika kadhaa, zuia damu, kausha, ndipo upige. Tone la mate likikaa juu ya mpaka huo, kwenye skrini linatokea kama ukingo laini wa mviringo, safi kabisa machoni, na fundi wa maabara atalifuata tone badala ya jino. Kuza picha, zungusha, kagua mpaka wote mgonjwa akiwa bado kitini. Penye mashaka, kata kipande hicho tu na ukipige tena. Huna haja ya kurudia taya zima.

Kipimo cha kuuma, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, nacho kina mtego wake. Mgonjwa akihisi kichwa cha skana shavuni hupeleka taya pembeni bila kujua. Mwambie aume kwa magego kabla hujakiingiza, kisha linganisha alama za mgusano kwenye skrini na zile za karatasi ya rangi mdomoni.

Kichwa cha skana kinageuzwa juu chini, jambo linalopunguza kupinda kiganja ukihama taya. Kinaingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, lakini kikaushe kwa kitambaa laini kabla ya kukitia kwenye mfuko wake wa otoklevu: maji yakikaukia kwenye kioo cha ndani yanaacha madoa, na picha zinaanza kuwa na chembechembe. Watu hulaumu programu, kumbe ni kioo. Na kompyuta yenye kadi dhaifu ya picha itakuchelewesha kuliko skana yenyewe.

Kwa kofia moja moja na madaraja mafupi (meno bandia yanayoshikizwa kwa meno ya jirani), ninaipendekeza bila kusita. Kwa taya lisilo na jino hata moja, trei ibaki kabatini, tena karibu: ufizi mtupu hauna alama za kushonea, na kosa dogo la kila mshono hujilimbikiza kadiri unavyoelekea upande wa pili.