Kopo la mayai ya artemia kwa wakuzaji wa samaki malaika: linafaa Unguja, kwa sharti la kulikinga na unyevu

Mfugaji aliyebahatika kupata jozi inayotaga ya samaki malaika, samaki wa mapambo wa maji yasiyo na chumvi, hukutana na mtihani wake mkubwa siku ya saba au ya nane baada ya mayai kutagwa, pale vifaranga wanapoachia jani au kigae walichokuwa wamejibandika na kuanza kuogelea wenyewe. Kifuko cha kiini kilichokuwa kikiwalisha kimekwisha, midomo yao ni midogo mno, na kitu kisichotikisika hawakitambui kuwa ni chakula. Wengi wetu hupoteza uzao mzima katika siku hizo chache. Bidhaa ninayoitathmini hapa, yaani kopo la gramu 425 la mayai makavu ya artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, imetengenezwa kwa ajili ya kipindi hicho hasa. Nimelitumia kukuzia vifaranga nyumbani mjini Unguja, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa majuma ya mwanzo ya kifaranga wa malaika sijaona chakula kinachokaribia hiki, na mazingira yetu ya kisiwani yanakisaidia kuliko watengenezaji wanavyodhani. Hata hivyo, kopo hilohilo likifunguliwa ovyo katika hewa yetu huharibika upesi, na fedha yote ikapotea.

Makopo ya namna hii hutolewa na makampuni mbalimbali, na mengi hubeba mayai yaliyovunwa katika Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililopo jimbo la Utah nchini Marekani. Ndani mna unga wa rangi ya hudhurungi unaofanana na kahawa iliyosagwa. Kila chembe ni yai ambalo kiinitete chake kimesimama kukua kwa sababu ya ukavu, na kitabaki hivyo kwa miaka mpaka kikutane na maji. Gramu moja ina mayai zaidi ya laki mbili. Lebo ya kopo langu iliahidi kwamba asilimia 90 yataanguliwa, na nilipolifungua likiwa jipya sikuona sababu ya kubishana na ahadi hiyo: maji yaligeuka rangi ya chungwa kwa wingi wa uduvi, na mayai yaliyobaki chini ya chupa yalikuwa machache.

Maelekezo yaliyobandikwa kwenye kopo yameandikwa kwa mtu anayeishi mbali na bahari na katika nchi ya baridi. Yanamtaka atie gramu 25 hivi za chumvi katika kila lita ya maji, apashe maji hayo mpaka nyuzi 26 au 28, na ahakikishe kuwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, haishuki chini ya 8. Mkaazi wa Unguja hana haja ya kununua lolote kati ya hayo. Maji ya bahari yetu yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita na pH yake imo katika kiwango kinachotakiwa, kwa hiyo vikombe vitano vya maji ya bahari vikichanganywa na viwili vya maji ya mvua hutoa mchanganyiko unaofaa kabisa, bila mizani wala kipimo chochote. Joto la chumba, kwa sehemu kubwa ya mwaka, linatosha. Ninachoshauri ni kuchagua pahala na wakati wa kuchota. Upande wa Mazizini au Chukwani, maji yakiwa yamejaa na hasa siku za bamvua, ni bora kuliko karibu na bandari ya Malindi ambako hakukosi mafuta ya vyombo. Mvua kubwa za masika zikiwa zimetoka kunyesha, ni vyema kusubiri siku mbili tatu, kwa kuwa maji ya pwani huwa yamepungua chumvi na yamebeba uchafu wa mitaro. Baada ya kuchota, maji yachujwe kwa kitambaa safi.

Chombo cha kuangulia hakihitaji gharama. Chupa ya maji ya lita moja na nusu hukatwa kitako, ikageuzwa kichwa chini, na mpira wa pampu ya hewa ukashushwa mpaka shingoni, ili mapovu yapande kwa nguvu na pasiwe na yai linalotulia chini. Gramu moja kwa lita inatosha kabisa kwa tangi la nyumbani. Taa iwekwe karibu na chupa katika saa za mwanzo, kwa kuwa mwanga ni miongoni mwa vitu vinavyoliamsha yai. Katika joto letu uduvi huwa tayari baada ya saa 18 mpaka 24.

Uvunaji ndio unaotaka uangalifu, na ni hatua ambayo maelekezo ya kopo yameipitia harakaharaka mno. Hewa izimwe kwa dakika kumi, chupa ifunikwe sehemu ya juu, na mwanga uelekezwe chini. Maganda matupu huelea, mayai yasiyoanguliwa huzama, nao uduvi hukusanyika penye mwanga, ambapo hunyonywa kwa mpira mwembamba na kuchujwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu. Kisha wasuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi. Nasisitiza jambo la maganda kwa sababu kifaranga akiyameza hawezi kuyasaga, na matumbo yanaweza kuziba. Uzao uliolishwa uduvi mchanganyiko na maganda hupungua kidogokidogo bila mfugaji kuelewa kinachowaua. Jambo la pili ni wakati. Uduvi aliyetoka kuanguliwa amebeba akiba ya kiini chake, na akiba hiyo ndiyo lishe tunayoitafuta. Akikaa saa nyingi bila kuliwa hujivua gamba, huanza kuitumia mwenyewe, na thamani yake hushuka. Kwa sababu hiyo mimi huangulia chupa mbili kwa kupokezana, ili asubuhi na jioni pawepo uduvi wapya.

Matokeo yake kwa vifaranga yanaonekana kwa macho. Uduvi hawa, wenye urefu wa nusu milimita au chini yake, hujongea kwa kurukaruka, na kifaranga aliyekuwa akizunguka bila mwelekeo hugeuka na kukamata. Muda mfupi baadaye matumbo yote yanakuwa ya rangi ya chungwa, na asiye na rangi hiyo anajulikana mara moja kuwa hajala. Hiki ni kipimo ambacho chakula kingine hakikupi. Mimi hulisha mara nne kwa siku, kidogokidogo, kwa sababu uduvi wa chumvi huishi saa chache tu katika maji ya tangi. Wakizidi hufa, huoza, na amonia inayotokana nao huua haraka kuliko njaa.

Nalazimika kutaja vyakula mbadala, kwani kopo si rahisi na wapo watakaouliza kama hakuna njia ya nafuu. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, ambacho wafugaji wengi wa zamani hukipendekeza, huchafua maji kwa muda mfupi, na kwa kuwa hakitikisiki sehemu kubwa haitaliwa. Unga wa dukani unaouzwa kwa ajili ya vifaranga una kasoro hiyohiyo, ingawa unafaa baadaye. Viluwiluwi ni wakubwa mno kwa kifaranga wa siku za mwanzo, na juu ya hayo sioni sababu ya mtu kuweka ndoo ya kuzalisha mbu nyumbani katika visiwa ambavyo vimefanya kazi kubwa kuishusha malaria.

Sasa kasoro yake, ambayo kwetu ni nzito. Yai la artemia hudumu kwa kuwa ni kavu, na hewa ya Unguja haijui ukavu. Kopo likiachwa wazi, mayai huvuta unyevu, huamka nusu, kisha hufa kabla hata hayajatiwa majini, na kwa nje hayabadiliki kitu. Pakiti ndogo niliyowahi kununua katika duka moja mjini, iliyopimwa kutoka kwenye kopo lililokuwa wazi juu ya meza, ilitoa maganda na mayai mafu na uduvi wa kuhesabika. Sidhani kuwa muuzaji alikusudia kudanganya, lakini mnunuzi anapoteza zaidi ya fedha: kufikia saa anapogundua kuwa hakuna kilichoanguliwa, vifaranga wameshakaa siku nzima bila kula. Kwa hiyo nashauri kwa nguvu zote kununua kopo lililofungwa kiwandani, ambalo halijabonyea wala kushika kutu kwenye mshono, na kuacha kabisa mayai ya kupimiwa.

Likishafunguliwa, ligawanywe siku hiyohiyo katika chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vya kubana, kila moja na kijifuko cha chembechembe za kufyonza unyevu, kama vile vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu, na zote ziwekwe kwenye friza. Chupa inayotumika itolewe na kuachwa ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utaingia ndani. Kopo langu lililohifadhiwa hivi lilivuka msimu wote wa masika bila kupungua nguvu kwa namna ninayoweza kuiona.

Umeme nao ni sehemu ya hesabu. Pampu ikisimama usiku, mayai hutulia chini ya chupa na mengi hayaanguliwi, wakati huohuo chujio la sifongo katika tangi la vifaranga hukosa hewa. Aliyeishi Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme, hahitaji kuelezwa. Pampu ndogo ya betri ninaihesabu kuwa sehemu ya bei ya kopo.

Bei yenyewe ni kubwa kwa mfugaji mmoja, lakini igawanywe kabla ya kulalamikiwa. Anayetumia gramu mbili kwa siku kwa mwezi mmoja atamaliza gramu 60 kwa uzao mmoja, maana yake kopo linatosha uzao saba. Wafugaji watatu wa mtaa mmoja wakichanga na kugawana siku ya kulifungua, watakuwa wamepunguza gharama na pia wamelimaliza kabla halijachakaa.

Lipo jambo ambalo kopo haliwezi kulifanya. Halitamwokoa kifaranga aliye katika maji mabaya. Maji ya bomba yakae siku nzima yakitiwa hewa ili klorini iondoke. Maji ya visima vyetu, yanayotoka katika mwamba wa matumbawe, ni magumu, na kwa samaki aliyetokea mito ya bonde la Amazon ni vyema kuyachanganya na ya mvua, hasa kwa ajili ya mayai. Tangi la vifaranga lisiwe na mchanga, lisafishwe mabaki kila siku, na sehemu ya maji ibadilishwe kila siku. Anayetegemea kulisha vizuri peke yake atapata vifaranga walioshiba na mapezi yaliyopinda.

Kuanzia juma la nne unga laini waweza kuchanganywa na uduvi, na kufikia juma la sita vifaranga wengi huwa wameshapata umbo la pembetatu la wazazi wao na wanakula chakula kikavu bila shida. Hapo chupa zilizobaki zirudishwe kwenye friza. Jozi iliyoondolewa mayai yake inaweza kutaga tena ndani ya majuma mawili, na ni bora mayai ya artemia yawepo nyumbani kabla ya siku hiyo kuliko kuanza kuyatafuta vifaranga wakiwa tayari wanaogelea.