Kumkagua Mzabuni au Kumwezesha?

Kampuni kubwa zina njia kuu mbili za kuwahimiza wazabuni wao kutunza mazingira. Ya kwanza ni masharti na ukaguzi: mzabuni hupewa mwongozo, kisha mkaguzi hufika kuona kama unafuatwa, kama kampuni ya samani ya IKEA inavyofanya kwa mwongozo wake wa IWAY tangu mwaka 2000. Ya pili ni kumpunguzia mzabuni gharama za kubadilika. Mwaka 2016 PUMA, kampuni ya nguo na viatu vya michezo, ikishirikiana na benki ya BNP Paribas, ilianzisha mpango ambao kiwanda cha mzabuni chenye alama nzuri za mazingira na haki za wafanyakazi hupata fedha kwa riba nafuu zaidi.

Tuchukulie karakana ndogo ya kutia nguo rangi huko Vingunguti, Dar es Salaam, jirani na Mto Msimbazi. Mkaguzi atakuta majalada yamepangwa, maelezo ya kemikali yamebandikwa ukutani na sakafu imeoshwa asubuhi ile ile (ikiwa taarifa ya ujio wake imetangulia), lakini bomba linalotoka nyuma ya ukuta huenda asilione kabisa. Hata akiliona, mwenye karakana hana fedha za kujenga mabwawa ya kusafishia maji, na akinyimwa oda atamuuzia mteja asiyeuliza maswali.

Kwa maoni yangu mkopo nafuu una nguvu zaidi, ingawa hausimami bila ukaguzi, kwani alama zinazoshusha riba lazima zitolewe na mtu aliyefika akaona. Kasoro yake ni kumwacha nje fundi ambaye hesabu zake zote zimo kichwani.