Kutoka Moshi: Lushoto au Amani?

Ukiwa na siku mbili tu za kutembea milima ya Usambara, nenda Lushoto. Unashuka basi Mombo, unapanda mlima kona kwa kona, na msimu wake ukifika unanunua plamu njiani. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal. Msitu wa Magamba uko jirani, wenye mbega.

Amani, upande wa mashariki wa Usambara, ni mbali zaidi, hadi Muheza kisha kupanda tena, lakini moyo wangu uko huko. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka ng'ambo bado imesimama kando ya msitu wa asili. Asubuhi ukungu unadondoka majanini kama mvua. Beba sweta, na usiende masika, barabara huteleza mno.