Kinoo cha wembe nilichouziwa Ngamiani, elfu nane yangu na tusi juu

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote ila kila nikigusa hili kovu shavuni namkumbuka yule kijana, hasira inarudi upya kama jana, sasa acha niseme.

Mi ni mtu wa wembe wa kutupa, zile za mpini wa plastiki zenye makali mawili, dukani hapa Makorora, Tanga, nachukua kwa mia tano. Ndevu zangu ngumu, sikatai. Wembe mmoja nanyoa mara tatu, ya nne haukati tena, unang'oa. Siku moja napita Ngamiani kwenye duka moja la vikorokoro, silitaji, nikaona kidude cha mpira kina mistari mistari, ukikiona utasema kisahani cha sabuni. Kijana wa hapo akaniambia ni kinoo cha nyembe, unapitisha wembe humo kabla hujanyoa na wembe mmoja unakwenda miezi. Elfu nane! Nyembe 16 hizo jamani, lakini nilivyosikia miezi nikalegea mwenyewe.

Akanionyesha na jinsi ya kutumia. Akashika wembe akauvuta kwenye mpira makali mbele, vilevile mtu anavyonyoa, krr krr krr, "ishirini tu shehe, unatosha." Nami nikaenda nyumbani nikafanya hivyohivyo, ishirini, nikahesabu kabisa.

Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tunakwenda Pangani kumposea mdogo wangu. Nimepitisha mara moja tu chini ya sikio, ngozi ikafunguka, damu mpaka kwenye kola ya kanzu. Nimekaa mbele za wakwe na plasta shavuni, mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nimeanguka na baiskeli. Nikasema ndiyo.

Haya, nikarudi dukani. Sikwenda kugombana wallahi, nilitaka tu aniambie nimekosea wapi au anirudishie hata nusu. Yule kijana kaniangalia shavu, kacheka, kamwita mwenzake wa duka la pili: "Njoo umwone huyu, ndevu katani! Shehe, wewe kinoo hakikufai, nenda shambani wakupitishe kwenye mashine ya mkonge." Kulikuwa na watu wanachagua kandambili pale, wote wakaangua kicheko. Nikaondoka na kidude changu mfukoni.

Kukatwa nimeshasamehe. Ila katani? Mbele ya watu? Babu yangu kakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, katani ndo imetusomesha nyumba nzima, leo mtoto wa juzi anaifanya tusi na yeye mwenyewe yuko Tanga hii hii. Na babu huyohuyo ndo alikuwa fundi wa haya mambo, alikuwa na kiwembe kimoja cha bapa, anakisugua kwa kidole ndani ya glasi ya chai, huku na huku taratibu, kinamaliza mwezi. Sijawahi kumwona na plasta.

Sasa hapa ndo pananiuma zaidi. Mpwa wangu kaokota lile boksi kaniambia mjomba mbona mshale umechorwa kinyume? Kweli bana. Unasukuma, huvuti! Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukivuta kama unanyoa makali yanang'ata mpira na kuharibika, ndo maana wembe ulinichana. Yani muuzaji hajui anachouza, halafu ndevu zangu ndo zina makosa.

Nikajaribu na wembe mpya, nikasukuma kama mshale unavyosema. Nimenyoa mara nane na ulikuwa bado mlaini. Kwa hiyo kinoo chenyewe kizuri, nakiri, nilishaanza hata kuwasifia jirani zangu. Mke wangu akaniuliza kwani hiyo si sawa na kusugulia kwenye jinzi? Nikachukua jinzi yangu kuukuu, mguu mmoja, ishirini za kusukuma. Sawasawa kabisa! Elfu nane nimetoa na dawa yake inaning'inia kwenye kamba ya nguo.

Ila hata jinzi sina hakika nayo sana. Lile boksi lina picha nyingine ya kukausha wembe, na mimi zamani nilikuwa nauacha umelowa dirishani bafuni, na upepo wetu huu wa bahari hata misumari ya bati inaoza. Siku hizi naukung'uta, naufuta, nauweka chumbani. Labda ni hilo tu. Maana mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walikagua nyembe kwa hadubini, wakakuta unywele, ambao ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, unamega makali vipande vidogo vidogo. Sasa kilichomegeka utakirudisha kwa mpira? Utafuta mabaki ya sabuni, utanyoosha kidogo palipopinda, basi. (Na wembe uliodumu hivi usimwazime mtu hata ndugu yako, homa ya ini ipo.)

Kwa hiyo sijui niseme kinunuliwe au kisinunuliwe. Kama huna jinzi nunua, ila sio pale, na umwambie muuzaji akusomee mshale kwanza. Mimi nilitaka kukitupa, kila nikikishika nasikia katani, katani. Mke wangu kakichukua kaweka bafuni, anawekea sabuni, na kwa ile mistari yake maji yanachuruzika yote, sabuni haiyeyuki ovyo tena. Kwa sabuni nakipa nyota tano.